Naomba ushauri: namna ya kupanga maonyesho ya vitabu katika shule ya msingi

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali iliyoko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, huku kwenye ndizi na viungo. Kwa kuwa tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, nilipata wazo la kuandaa maonyesho ya vitabu shuleni kwetu ndani ya mwezi huu, ili wanafunzi na wazazi waje kuviona vitabu vya hadithi na kamusi, wavishike, wavisome palepale na, kwa mwenye uwezo, anunue. Shule yetu haina maktaba. Ina kabati moja la vitabu vya kiada, na ufunguo wake hukaa kwa mwalimu wa taaluma.

Maonyesho yatafanyika tarehe 25. Naomba mnisaidie kwa mambo haya: meza zipangwe vipi ili watoto 600 wapite bila kusukumana, turubai moja la kukodi litatosha kuzuia mvua, na je, ni lazima kumwalika Afisa Elimu Kata? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Maktaba

Mwanangu, hongera. Umenikumbusha mbali. Nilistaafu ualimu nikiwa nimeshika chaki kwa miaka 34, na katika miaka hiyo kitu ninachokikumbuka kwa furaha kuliko vyote ni siku tulipoletewa vitabu kupitia Mradi wa Vitabu vya Watoto, ule ulioanza mwaka 1991, ambao ulikuwa ukinunua sehemu kubwa ya nakala za hadithi zilizochapishwa na wachapishaji wa hapa nchini na kuzigawa mashuleni. Vilikuja ndani ya sanduku la bati. Tulikuwa tunalifungua saa nane mchana, baada ya vipindi, na watoto waliokuwa wakitoroka shamba la shule hawakulitoroka sanduku lile. Siku hizi vijana wa ualimu mnapenda maturubai na vipaza sauti, ilhali mtoto anahitaji kitabu na mkeka. Tandika mikeka, mwanangu, meza waachie wageni rasmi.

Ndizi Mzuzu

Maonyesho bila pilau? Mwalimu, wazazi watafika getini, watanusa, na wasiponusa kitu watarudi nyumbani.

Kitabu na Chai

Mwalimu, nimeuza vitabu Dar es Salaam kwa miaka 11 na nimeshiriki maonyesho ya shule nyingi, kwa hiyo nitakujibu kwa uzoefu. Meza zipange kwa umbo la herufi U, mlango wa kuingilia upande mmoja na wa kutokea upande wa pili, na waingie darasa moja moja kwa dakika 20, la sivyo wakubwa watawakanyaga wadogo. Mlangoni weka beseni la maji, sabuni na taulo. Usidharau jambo hili. Kitu kilichoniharibia mali kuliko mvua na mchwa ni ubuyu: mtoto ananyonya ubuyu mwekundu wakati wa mapumziko, anakuja anafungua kitabu kwa kidole gumba, na kuanzia hapo kitabu hicho kina muhuri ambao hakuna mnunuzi anayeutaka. Makasha yasikae sakafuni, yaweke juu ya madawati.

Tena kagua kila kitabu kabla ya siku yenyewe. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya ziada visitumike shuleni kwa sababu za kimaadili, na tangu hapo kiongozi yeyote akifika kwenye meza yako, jambo la kwanza atakalouliza ni nani aliyevipitia.

Sasa nami nikuulize swali moja: hivyo vitabu ni vya nani?

Mama Wawili

Mimi nitauliza kama mzazi. Mwaka juzi shuleni kwa wanangu kulikuwa na jambo kama hili, na mdogo aliambiwa aje na fedha. Sikuwa nazo siku hiyo. Mtoto hakwenda shule kabisa, alijificha kwa jirani hadi saa saba, kwa sababu aliona aibu kupita mbele ya meza akiwa mikono mitupu. Mwalimu, wasio na fedha wataingia? Na wazazi umewaandikia nini?

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Shikamoo Mzee wa Maktaba, mikeka nitaitafuta. Kitabu na Chai, beseni nimelipokea kwa mikono miwili. Kuhusu swali lako, vitabu nimepewa kwa mali kauli na duka moja la jumla la huko Dar es Salaam: tunauza kwanza, tunalipa baadaye, na visivyouzwa vinarudishwa. Punguzo ni asilimia 20, na fedha hiyo nimekusudia inunue rafu ili shule ipate maktaba yake.

Dada Mama Wawili, wote wataingia. Barua ya wazazi inasema mtoto aje na shilingi 5,000, lakini nimeandika neno "ikiwezekana".

Mama Wawili

Neno "ikiwezekana" mtoto wa Darasa la Pili halisomi, Mwalimu. Anasoma 5,000.

Karani Mstaafu

Nilikuwa karani wa halmashauri, naomba niseme jambo la kiutaratibu. Elimumsingi bila malipo ilianza Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli, Mungu amrehemu, alikataza hadharani walimu kushika michango ya wazazi. Najua utasema kuuza kitabu si mchango. Ni kweli, lakini barua inayotaja kiasi, iliyotoka kwa mwalimu na kupelekwa kwa kila mzazi, mbele ya mtu mwenye nia mbaya inafanana na mchango kama pacha na pacha. Iondoe barua hiyo, andika nyingine isiyotaja kiasi, na isainiwe na mwalimu mkuu pamoja na mwenyekiti wa kamati ya shule. Swali lako la Afisa Elimu Kata limejijibu hapo. Usimwalike tu, mpelekee taarifa kwa maandishi kabla.

Mgeni wa Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Nyinyi mna nafuu. Huku Kenya vitabu vilianza kutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 mwaka 2013, na mzazi akifika mezani huulizia bei kabla hajasoma jina la kitabu. Shuleni kwetu tulifanya maonyesho siku ya wazazi. Wakala alikuja na gari lililojaa, mwalimu wa muziki akaleta kwaya yake mbele ya meza, wakaimba saa moja na nusu, na ilipofika zamu ya vitabu wazazi walikuwa wanatafuta matatu. Tuliuza vitabu tisa. Vitatu kati ya hivyo nilivinunua mimi, kwa haya.

Kitabu na Chai

Mwalimu, nilipouliza vitabu ni vya nani, jibu la mali kauli ndilo nililolitarajia, na ndilo lililonitia wasiwasi. Nipe majibu manne kwa ufupi. Hati ya kupokelea mzigo imesainiwa na nani? Thamani ya mzigo ni kiasi gani? Mwisho wa kurudisha visivyouzwa ni lini? Mzigo umeshafika?

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Umeshafika. Hati inaonyesha vitabu 420, yaani kamusi 60 za shilingi 15,000 na hadithi 360 za shilingi 4,000. Jumla ni 2,340,000, na baada ya punguzo deni ni 1,872,000. Nimesaini mimi mwenyewe kwa sababu nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli za kifamilia, na isingekuwa rahisi kurudi mlimani kutafuta muhuri wa shule. Mwalimu mkuu analijua jambo hili, nilimweleza mlangoni kwa ofisi yake akaniambia, "Endelea tu, Mwalimu."

Mwisho wa kurudisha ni siku 14 tangu kupokea. Nilipokea tarehe 2.

Karani Mstaafu

Tarehe 2 na siku 14 ni tarehe 16. Maonyesho ni tarehe 25. Mwalimu, ulikuja hapa kutuuliza habari za turubai!

Ndizi Mzuzu

Pilau naiondoa kwenye bajeti.

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Naomba nisieleweke vibaya. Maonyesho yalipangwa tarehe 11, ndani ya muda, lakini ukaja mtihani wa utimilifu wa Darasa la Saba na mwalimu mkuu akasema shughuli zote zisogezwe. Sikuwa na la kufanya. Isitoshe, wenye duka ni watu waelewa, walinipokea vizuri na kuninywesha soda. Siamini kwamba watanibana kwa siku tisa. Nimeona ni bora kuendelea na maandalizi kuliko kuwatia watu hofu.

Msumeno

Nimesoma uzi huu kutoka juu hadi chini, na samahani, siuamini. Kwanza, mleta mada ana ujumbe mmoja tu kabla ya huu, na amejiunga wiki iliyopita. Pili, anaomba turubai la kuzuia mvua mwezi Julai, mkoani Morogoro. Ninyi mmewahi kuona mvua ya Julai Morogoro? Masika yameisha tangu Mei. Mwalimu wa kweli wa huko angeuliza habari za vumbi. Tatu, hesabu ya mzigo imepangwa kwa unadhifu mno, kamusi 60, hadithi 360, bei zimetajwa moja baada ya nyingine kama orodha ya dukani. Huyu ni muuza vitabu. Subirini ujumbe wa tatu kutoka sasa, ataweka namba ya simu na kutuomba "kumwokoa mwalimu" kwa kununua mzigo.

Mgeni wa Pwani

Sikulifikiria hilo. Na mimi nimeshamwaga siri ya vitabu vyangu vitatu.

Mzee wa Maktaba

Hata kama kisa ni cha kubuni, mikeka ni ushauri mzuri.

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Ndugu Msumeno, umeniumiza. Sina namba ya kuweka na siuzi chochote humu. Nimejiunga wiki iliyopita kwa sababu wiki iliyopita ndipo nilipokosa usingizi. Vitabu 396 viko sebuleni kwangu kwenye makasha manane, mke wangu amegeuza mawili kuwa meza ya chai, na kila asubuhi ninayasogeza kutoka ukutani kwa sababu ukuta wa nyuma unatoa unyevu. Muuzaji wa vitabu asingeishi hivyo.

Pilipili Manga

Nimezaliwa Kinole, na kwa hoja ya mvua Msumeno amekosea. Morogoro mjini ni kweli Julai ni kavu, lakini sisi tuko upande wa mlima unaopokea upepo wa baharini, na manyunyu hutunyeshea hata mwezi ambao watu wa mjini wanalalamikia vumbi. Nimewahi kuanika mdalasini Julai na kuuingiza ndani mara tatu kwa siku moja. Anayeomba turubai Julai kule ama ni mwenyeji au amefundishwa na mwenyeji. Mwalimu, turubai moja halitoshi, tumia madarasa. Manyunyu yetu huja ya ubavu.

Msumeno

Kuhusu mvua nimeshindwa, nakubali. Lakini hebu someni tena alichoandika sasa hivi. Hati ina vitabu 420. Sebuleni kuna 396. Hata mtu anayetunga kisa hulinda hesabu zake. Vitabu 24 vimekwenda wapi?

Kitabu na Chai

Nami nimeliona hilo, nikanyamaza nikidhani ni kosa la uandishi. Kama duka limekupunja wakati wa kupakia, lazima uwaarifu kwa maandishi mapema. Kadiri siku zinavyopita, ndivyo sahihi yako inavyosema kwamba ulipokea vyote.

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Duka halikunipunja. Tuliyahesabu makasha pamoja, kimoja kimoja.

Hadithi 24 wamechukua walimu wenzangu. Nilipofikisha mzigo walikuja nyumbani kuuona, wakapenda, na kila mmoja akachukua viwili au vitatu kwa ajili ya watoto wake, tukakubaliana watalipa mshahara ukitoka. Nimeyaandika majina yote kwenye daftari. Thamani yake ni shilingi 96,000.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalizie. Mwalimu mkuu aliposogeza shughuli alinipa tarehe mbili nichague, 14 au 25. Nilichagua 25 kwa sababu mishahara huwa imeshatoka. Nilifikiri wenzangu watanilipa, wazazi walio watumishi watakuwa na fedha, na siku yenyewe itapendeza. Wakati huo karatasi ya duka ilikuwa kwenye mkoba na sikuisoma tena. Lakini bado naona tarehe 25 ilikuwa na mantiki yake.

Karani Mstaafu

Mantiki ilikuwepo, Mwalimu, ila ilikuwa ya mkopeshaji, na wewe hapa ndiwe uliyekopeshwa.

Mama Wawili

Wazazi wangapi hapo shuleni ni watumishi wa serikali? Huko kwenye ndizi na viungo watu hawangoji tarehe 25, wana fedha siku ya gulio. Gulio lenu ni lini?

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Walio watumishi hawafiki kumi. Gulio ni Jumamosi.

Mama Wawili

Basi ulikuwa unawangojea walimu wenzako.

Kitabu na Chai

Mwalimu, sasa tufanye kazi. Nimekaa upande wa pili wa hati kama hiyo, kwa hiyo nitakwambia mwenye duka anafikiri nini. Siku tisa hazimtishi, kinachomtisha ni ukimya. Mteja anayepiga simu kabla ya muda kuisha ana tatizo, na tatizo linazungumzika. Anayepiga baada ya muda ana deni. Piga leo, kabla hujalala. Mweleze tarehe ya mtihani, na uzitaje hizo 24 mwenyewe, usimwachie azigundue wakati wa marejesho. Mwombe akuongezee muda kwa hadithi tu, na umwambie uko tayari kurudisha kamusi. Shilingi 15,000 shuleni kwenu ni bei nzito, na kamusi hizo 60 zimebeba 900,000 katika mzigo wa 2,340,000. Ukiziondoa, usingizi utarudi. Akikubali, akuandikie, hata kama ni ujumbe wa simu. Soda haiandikwi kwenye hati.

Halafu nenda kwa mwalimu mkuu na karatasi mkononi, usimweleze tena mlangoni. Yeye alisema "endelea tu" kwa maonyesho. Hakusema hivyo kwa deni la 1,872,000 ambalo hajawahi kuliona.

Mzee wa Maktaba

Na hao walimu 24, sijui ni wangapi, walipe sasa. Mimi nilikuwa mwalimu, nawajua walimu. Mshahara ukitoka tarehe 23, tarehe 24 umeshaingia mikononi mwa mwenye duka la mahitaji.

Ndizi Mzuzu

Mzee, vitabu ni 24, walimu hatujaambiwa. Usimwongezee Mwalimu wadeni.

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Walimu ni kumi. Ngoja nipige simu. Huku mtandao unashika nikiwa kwenye kilima cha kanisa, kwa hiyo mnivumilie.

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Nimerudi, ni siku mbili sasa. Nawaomba radhi kwa kimya.

Mwenye duka alikasirika kwa muda mfupi, kisha akauliza maswali yaleyale ya Kitabu na Chai, kana kwamba walikubaliana. Ameongeza muda wa hadithi hadi tarehe 28 na ameniandikia kwa ujumbe. Kamusi anazitaka kabla ya tarehe 16 kwa sababu kuna shule nyingine inayozihitaji. Jana nilizifunga kwenye makasha mawili, nikaweka magazeti pembeni ili kona zisipondeke, nikazishusha kwa bodaboda hadi mjini na kuzipakia kwenye basi. Amenithibitishia kwamba zimefika zote 60.

Mwalimu mkuu alisoma hati mara mbili bila kusema neno. Akachukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, akapiga mstari chini ya jina langu, kisha akaniuliza kwa nini jina la shule halipo popote. Nilikosa jibu. Mwishowe aliandika barua ya kuyatambua maonyesho kama shughuli ya shule, mwenyekiti wa kamati akaisaini, na nakala imekwenda kwa Afisa Elimu Kata. Barua ya 5,000 imeondolewa. Mpya inawaalika wazazi na kusema kwamba kusoma ni bure. Tarehe imekuwa 19, ambayo ni Jumamosi ya gulio, na tutatumia madarasa mawili kama alivyoshauri Pilipili Manga. Walimu sita kati ya kumi wamelipa.

Kwa hiyo nimebaki na hadithi 330 za kuonyesha. Swali langu ni hili: kwa idadi hiyo ndogo, meza ngapi zitatosha?

Kitabu na Chai

Nne. Usizirundike, kila kitabu kionyeshe uso wake. Akiba ikae kwenye kasha chini ya meza, juu ya dawati.

Pilipili Manga

Jumamosi hiyo nitakuwa nyumbani. Niwekee kimoja cha mtoto wa miaka mitano, nitafika nikitoka kuuza ndizi.

Msumeno

Mwalimu, nimekuamini, na naomba radhi mbele ya wote. Ila kuna jambo. Hadithi zilikuwa 360. Toa 24 za walimu, zinabaki 336. Umeandika 330.

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Sita ziko kitandani kwa mwanangu wa Darasa la Nne. Nilizikuta jana usiku chini ya mto wakati natafuta tochi. Mbili zina ubuyu. Nimeshamwandikia mwenye duka kwamba hizo nanunua mimi.